Krismasi Wakati wa Jua Kali

Masomo: Nehemia 8:9–12, Luka 10:38–42



Kila Desemba watoto wetu huchukua pamba na kuitandaza juu ya matawi ya mti wa Krismasi kanisani. Ukiwauliza ni nini, watakujibu, “Theluji, Mwalimu.” Nje ya mlango jua linawaka, na wakulima wa Dodoma wanatazama mawingu wakingojea mvua ya kupandia. Hatuwakemei watoto, maana pamba hiyo wameirithi kwetu, nasi tuliirithi kutoka katika picha za kadi. Lakini inatuletea swali: katika sikukuu hii, lipi ni la Bwana, na lipi ni la baridi ya Ulaya?

Mwezi huu tujifunze kwa watu waliokutana na swali hili mezani pao, yaani Waingereza waliohamia Australia. Wana undugu nasi. Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1927, alikuwa George Alexander Chambers, aliyekuwa kasisi huko Sydney. Alfred Stanway, aliyeiongoza dayosisi hiyo tangu 1951 hadi 1971, naye alitoka Australia. Na wengi wetu tuliketi darasani mbele ya wamisionari wa nchi hiyo.

1. Chakula kile kilikuwa na sababu zake

Uingereza Desemba ni majira ya baridi. Karibu na Krismasi, mchana wa London haufiki saa nane kwa urefu. Zamani wakulima walichinja mifugo mingi mwanzoni mwa baridi, kwa sababu majani yalikuwa haba. Matunda mabichi hayakuwapo, hivyo watu walitumia zabibu kavu. Basi mlo wa Krismasi ukawa bata bukini au bata mzinga wa kuokwa, nyama ya ng’ombe, na pudini nzito ya unga, shahamu, zabibu kavu na viungo, iliyochemshwa kwa saa nyingi. Moto wa jikoni ulipasha nyumba nzima, na mafuta yaliutia mwili joto. Mlo ule ulifaa kabisa mahali pake.

Hata Kanisa letu liliingia katika upishi huo. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, sala ya Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio humwomba Mungu aamshe nia za watu wake. Katika Kiingereza neno lile la kuamsha ndilo pia la kukoroga. Basi waumini walipotoka ibadani walikumbushana kwamba wakati wa kukoroga pudini umefika.

2. Wakahama nacho

Mwezi wa Januari 1788 meli 11 kutoka Uingereza zilifika Australia, nyingi zikiwa zimejaa wafungwa. Pamoja nao alikuwapo kasisi wa Kianglikana, Richard Johnson. Nchi ile ilikuwa na wenyewe, walioishi humo kwa maelfu ya miaka wakijua kila chakula na majira yake. Wageni waliitwaa nchi, na wengi wao hawakujifunza kwa wenyeji namna ya kula ndani yake.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya posho na njaa. Baadaye walipopata mifugo na mashamba, wakaipika tena Krismasi ya kwao. Lakini kusini ya Ikweta Desemba ni kiangazi. Mchana wa Sydney hupita saa 14, na sehemu za bara joto linaweza kupita nyuzi 40. Katika joto hilo akina mama walisimama mbele ya jiko la kuni tangu alfajiri, wakioka nyama na kuchemsha pudini, na wageni wakala huku wakitokwa jasho.

Tusiwacheke. Mtu aliye mbali na mama yake, akila chakula cha utotoni hujiona yuko nyumbani. Meli zilikwenda miezi mingi, na wengi hawakurudi tena. Pudini ile ilikuwa barua yao kutoka kwao.

3. Wakabadili kidogo kidogo

Hawakuamka siku moja wakatupa kila kitu. Kwanza walibadili saa na mahali: wengine waliubeba mlo wakaula chini ya miti au ufukoni. Kisha wakabadili joto la chakula: bata mzinga, na paja la nguruwe lililotiwa chumvi na moshi, vikapikwa mapema na kuliwa baridi pamoja na kachumbari na mboga mbichi. Barafu ilisaidia. Katika miaka ya 1850 James Harrison wa mji wa Geelong alitengeneza mashine ya kugandisha barafu, na baada ya vita vya 1939–1945 majokofu yaliingia katika nyumba nyingi. Hapo zabibu kavu na viungo vya pudini vikachanganywa katika aiskrimu.

Mwisho wakafumbua macho wakaona nchi yao ina nini mwezi wa Desemba. Kuna maembe na cheri mbichi. Kuna kamba wa baharini, nao wanatakiwa sana hata soko la samaki la Sydney limekuwa na desturi ya kuuza kwa saa 36 mfululizo kabla ya Krismasi. Kuna pia pavlova, kitamu cha ute wa mayai na sukari chenye krimu na matunda juu, kilichopewa jina la Anna Pavlova, mcheza dansi wa Urusi aliyezuru Australia na New Zealand mwaka 1926. Nchi hizo mbili zinagombea mpaka leo ni ipi iliyokitunga.

4. Walichokishika

Hata hivyo nyumba nyingi bado zina pudini ya moto. Zamani sarafu za fedha ziliwekwa ndani yake, na mtoto aliyeipata moja alishangilia. Australia ilipobadili fedha yake tarehe 14 Februari 1966, sarafu mpya hazikufaa kupikwa pamoja na chakula. Basi mabibi walitunza sarafu za zamani, wakizihesabu zirudi baada ya mlo, ili zitumike mwaka ujao.

Hapa tuna funzo. Walichokihifadhi si joto la nyama. Walihifadhi kukusanyika, na furaha ya mtoto mezani.

5. Na nyumbani kwetu?

Tulipokuwa wanafunzi wa chuo cha ualimu, mwalimu mmoja mmisionari kutoka Australia alitualika kwake siku ya Krismasi. Tulitazamia harufu ya nyama tangu mlangoni. Tukakuta meza imefunikwa kitambaa, juu yake kuku baridi, mkate na maembe yaliyomenywa. Kwa kweli tulivunjika moyo. Lakini tulikumbuka baadaye kwamba alikuwa ameketi nasi kanisani kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaketi nasi mezani mpaka jioni. Hakuna mtu aliyekuwa jikoni.

Tulilikumbuka jambo hilo kwa kuchelewa. Kwa miaka mingi katika nyumba yetu wenyewe, Krismasi ilikuwa pilau, nyama na wageni wengi, na mama wa nyumba hakusikia mahubiri ya siku hiyo. Mwaka mmoja tuliporudi kanisani tukaanza kumsimulia mahubiri, akasema akigeuza chungu, “Baba Neema, mimi Krismasi naijua kwa moshi wake tu.” Hatukuwa na jibu.

Tangu hapo tunapika kitu chepesi asubuhi na kwenda kanisani sote. Pilau hupikwa alasiri jua likipungua, na wavulana huchambua mchele na kumenya vitunguu. Majirani walishangaa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walikuja jioni.

Liko na jambo la deni. Kwetu Desemba akiba ya ghalani imepungua na mbegu zinahitajiwa, lakini mtu hukopa mchele kwa sababu anaona ugali si chakula cha Krismasi. Nani alituambia hivyo? Na maembe yanaanguka mitini, lakini hatuyahesabu kuwa karamu.

6. Neno la Mungu

Watu wa Nehemia walikuwa jamii ya waliorudi kutoka uhamishoni. Katika siku takatifu waliambiwa wale vinono, wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Aina ya chakula haikutajwa, bali asiye na kitu alitajwa. Na katika Luka, Bwana hakuudharau utumishi wa Martha. Alimhurumia kwa sababu alisumbuka kwa mambo mengi, naye Mgeni mwenyewe yumo nyumbani.

Basi mwaka huu watoto wakileta pamba, tuwaache waitandaze. Lakini tuwatume pia wakate matawi ya ule mti wenye maua mekundu ambao wengi wetu huuita mkrismasi. Unachanua Desemba papa hapa petu, bila kuagizwa.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Katika nyumba yako, ni nani hakufika kanisani Krismasi iliyopita kwa sababu ya kupika? Mwaka huu atasaidiwaje?
2. Taja chakula kimoja cha Desemba katika eneo letu kinachoweza kuwekwa mezani bila deni.
3. Ni jirani gani ambaye hakuandaliwa kitu? Nani atampelekea sehemu yake, na saa ngapi?