Dondoo muhimu: Kadi ya kujaza pesa, kutoka Mwese hadi Dubai

Unatoka Mwese kwenda kumtembelea ndugu Dubai? Maliza mambo ya kadi Mpanda mjini, kabla hujapanda basi. Ulizia benki kadi ya malipo ya kabla, ile unayoijaza pesa kwanza ndipo utumie. Kadi ya Visa ya M-Pesa iliyomo kwenye simu inafaa kununua vitu mtandaoni, lakini haina plastiki ya kuingiza kwenye ATM. Ukishaipata ya plastiki, ijaribu palepale: toa shilingi 10,000, uone kama namba ya siri inakubali.

Kinachokula pesa za wengi ni hiki. Unalipa dukani Deira, mtaa wa Dubai, mashine inauliza: shilingi au dirham, pesa ya huko? Chagua dirham. Ukigusa shilingi, pesa inabadilishwa kwa bei ya mwenye mashine, na mara nyingi bei hiyo inaumiza. Na ukihesabu kwa dola ya Marekani, dola moja ni kama dirham 3.67, miaka nenda rudi, hivyo hesabu ni nyepesi.

Hoteli huzuia dhamana kwenye kadi kwa siku kadhaa. Usiende na salio la kubanabana. Laini yako iunganishwe na huduma ya nje ya nchi, maana ujumbe wa uthibitisho huingia hapo. Dirham za teksi ziweke mbali na kadi.