Kansa ya tezi dume: Ni lazima upasuliwe?

Ikiwa umepita miaka 50 na unaamka mara tatu, nne usiku kwenda haja ndogo, usijihukumu kwamba una kansa. Mara nyingi ni tezi dume iliyovimba kwa sababu ya umri. Hata kipimo cha damu kiitwacho PSA hupanda kwa uvimbe huo. Kansa huthibitishwa kwa kuchukua vipande vidogo vya tezi na kuvichunguza kwa darubini.

Na ikithibitishwa? Wengi hudhani ni kisu moja kwa moja. Huko Uingereza, wanaume 1,643 ambao kansa yao ilikuwa imegunduliwa mapema waligawanywa kwa kura: kupasuliwa, kuchomwa kwa miale, au kupimwa kila mara bila kuharakishiwa matibabu. Matokeo ya miaka 15, yaliyotolewa 2023, yalionyesha kwamba kansa hiyo iliua kiasi cha 3 tu katika kila 100, na makundi yote yalikaribiana. Hata hivyo, ilisambaa mwilini kwa 9 katika 100 waliosubiri, na 5 hivi kwa wengine. Waliopasuliwa nao, wengi walisumbuliwa na kuvuja mkojo na kupungukiwa nguvu za kiume.

Lakini tahadhari: karibu wote walikuwa Wazungu, nasi watu weusi hushikwa zaidi na ugonjwa huu. Tena wengi wetu hufika hospitalini kansa ikiwa imeshaingia mifupani. Hapo usisubiri. Muulize daktari wako: imefika wapi, na ni kali kiasi gani?