Kompyuta ya Biashara Imekataa Kuwaka? Fuata Hatua Hizi Kabla ya Kuita Fundi

Wateja wetu wenye biashara hutumia kompyuta kulipa mishahara, kupakua taarifa za till na kuweka hesabu za madeni. Sasa fikiria ni tarehe 8, PAYE inatakiwa KRA kesho, halafu mashine inakwama kwenye skrini nyeusi. Presha inapanda, na hapo ndipo watu hukosea: wanafuta faili zao wenyewe au wanampa mtu wasiyemjua siri zote.

Tuanze na swali ambalo kila mtu huuliza kwanza.

Je, pesa zangu ziko salama?

Ndiyo. Salio la till yako halikai ndani ya kompyuta. Liko kwenye mitambo yetu, na kompyuta ni dirisha tu la kulitazama. Dirisha likivunjika, pesa hazijaenda popote.

Vilivyo ndani ya kompyuta ni vitu vingine: faili zako za hesabu, majina na namba za simu za wateja na wafanyakazi, na nywila ulizoruhusu kivinjari kikuwekee. Hivyo ndivyo vya kulinda wakati wa matengenezo.

Hatua ya 1: Endelea na biashara

Angalia salio na malipo ya till kwa simu. Kama kuna malipo ya lazima, tumia kompyuta nyingine unayoiamini. Ukilazimika kwenda cyber, usikubali kivinjari kihifadhi nywila, na hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Kazi ikiendelea, utatengeneza mashine bila haraka.

Hatua ya 2: Tazama inakwama wapi

Kompyuta ikiwashwa hujikagua vifaa vyake, kisha hutafuta mfumo endeshi kwenye disku, yaani ile programu kuu kama Windows, ndipo huufungua. Mahali inapokwama panakuonyesha shida iko wapi.

*Hakuna taa wala feni.* Shida ni stima. Jaribu soketi nyingine na chaja nyingine inayolingana na mashine yako. Kwa laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza swichi ya kuwasha kwa sekunde 30, kisha urudishe na ujaribu tena.

*Feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi.* Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, huenda mashine iko sawa na skrini ndiyo mbovu. Unganisha na TV kwa kebo ya HDMI uone. Ukisikia milio ya bipu, ihesabu na umwambie fundi, kwani milio hiyo humwonyesha kifaa chenye hitilafu.

*Kuna maandishi "No bootable device" au "Operating system not found".* Chomoa fleshi, modemu na printa, kisha uwashe upya. Wakati mwingine mashine hutafuta mfumo endeshi kwenye fleshi badala ya disku. Ikiwa tarehe ya kompyuta nayo imerudi nyuma miaka kadhaa, yamkini betri ndogo ya ndani imekwisha na mipangilio imepotea. Lakini disku ikitoa sauti ya tak-tak-tak, zima mara moja, usiendelee kujaribu. Kila ukiwasha unaweza kuiharibu zaidi.

*Nembo ya Windows inatokea, kisha inazunguka bila mwisho au inakuja skrini ya buluu.* Mara nyingi hapa mashine yenyewe ni nzima, mfumo endeshi ndio umeharibika. Huweza kutokea stima ikipotea katikati ya apdeti. Kuna mengi unayoweza kufanya mwenyewe.

Hatua ya 3: Iache Windows ijitibu

Windows 10 na 11 zikishindwa kufunguka mara kadhaa mfululizo, huleta ukurasa wa matengenezo. Usipokuja wenyewe, washa mashine, na nembo ikitokea shikilia swichi hadi izime. Rudia mara moja tena, kisha mara ya tatu iache iendelee.

Chagua "Troubleshoot", halafu "Advanced options", halafu "Startup Repair". Isipofaulu na shida ilianza baada ya apdeti, rudi nyuma na uchague "Uninstall Updates". Pia kuna "System Restore", inayorudisha mipangilio ya siku za nyuma bila kugusa hati zako.

Ukiulizwa ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, tumia simu kuingia kwenye akaunti ya Microsoft iliyosajiliwa na kompyuta hiyo. Mara nyingi umehifadhiwa humo.

Usiguse "Reset this PC" kwanza. Hata ukichagua kubakisha faili, programu ulizoweka zitaondolewa, ikiwemo ile ya hesabu.

Hatua ya 4: Faili kwanza, matengenezo baadaye

Fundi akisema "hii ni ya kuformat", muulize: faili zangu utazitoa kwanza? Disku nzima inaweza kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine, hata kama Windows imekufa kabisa. Ila kama imefungwa kwa BitLocker, ule ufunguo utahitajika.

Kumbuka tarehe 19 Julai 2024. Apdeti mbovu ya programu ya usalama ya CrowdStrike iliangusha kompyuta milioni 8.5 hivi za Windows duniani, kwa hesabu ya Microsoft. Faili za wenyewe hazikufutwa. Dawa ilikuwa kuingia kwenye hali salama na kuondoa faili moja tu. Lakini matapeli nao waliamka siku hiyohiyo, wakijifanya wasaidizi na kusambaza programu bandia za kutengeneza.

Hatua ya 5: Ukienda kwa fundi

Huenda fundi akahitaji nywila ya kufungua Windows. Hahitaji PIN yako, hahitaji laini yako, na hahitaji namba za kuthibitisha zinazokuja kwa SMS. Akiziomba, chukua mashine yako uondoke.

Kabla ya kumwachia kompyuta, badilisha kwa simu nywila za barua pepe na za akaunti yako ya malipo, kwa sababu zile za zamani zinaweza kuwa ndani ya kivinjari. Andikianeni vitu unavyomwachia. Namba za wateja wako zimo humo, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka wewe mwenye biashara uzilinde.

Na ukiona skrini ya buluu inayokuambia upige simu namba fulani, usipige. Ujumbe halisi wa hitilafu wa Windows hauna namba ya simu. Sisi pia hatutakupigia kukuomba PIN, hata mfumo wako ukiwa umekwama.

Fanya haya leo, mashine ikiwa bado inawaka

- Kila Ijumaa, nakili faili za hesabu kwenye fleshi na uiweke mbali na kompyuta.
- Andika ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi, uuweke pamoja na hati zako muhimu.
- Hakikisha unaweza kuingia kwenye akaunti yako ya biashara kwa simu pia.
- Kama bado uko kwenye Windows 10, panga kuhama. Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.
- Usisubiri tarehe 9 kwa PAYE wala tarehe 20 kwa VAT. Ukilipa siku tatu mapema, kompyuta ikigoma utakuwa na muda wa kuitengeneza bila kulipa faini.