Fedha za Chama na Hisa za Kampuni: Yapasayo Kutazamwa Kabla ya Kununua

Twaileta darsa hii kwa sababu ya suali lililotufikia hapa Nyalenda. Akina mama wauza omena, wenye chama chao cha akiba, walitujia na kitabu walicholetewa na dalali wa hisa. Ni ripoti ya mwaka ya kampuni moja, yenye karatasi ya kung'aa na picha za wakubwa wanaocheka. Mweka hazina akauliza: "Sheikh, tununue?" Fedha zile ni karo za watoto na kodi za nyumba, jasho la watu wengi lililo mikononi mwa mmoja. Basi tuliona kuwa jibu la ndiyo au la peke yake halitoshi.

Kwanza tuitazame asili. Bibi Khadija, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa na mali aliyoipeleka Sham kwa mikono ya watu. Alipompa Mtume wetu mali hiyo, kabla ya utume, alikwisha pata khabari za uaminifu wake. Hata hivyo alimtuma mtumishi wake Maysara afuatane naye, na waliporudi akasikiliza aliyoyaona. Aliamini, na pia akachungua. Wala hayo mawili hayapingani.

Sisi leo hatuwajui waendeshao kampuni. Maysara wetu ni ile ripoti ya mwaka. Walakini jihadharini: Maysara huyu ameandikiwa maneno yake na yule yule anayechunguzwa! Kwa hiyo msiisome kama wengi wasomavyo, kuanzia picha na hotuba ya mwenyekiti. Muuza omena hanunui gunia kwa kulitazama juu. Hutia mkono mpaka chini, aone kama kuna mchanga au unyevu. Nanyi fanyeni vivyo hivyo, kwa mambo manne.

Jambo la kwanza ni kazi ya kampuni. Mapato yake yatoka wapi, na je, yote ni ya halali? Jina la kampuni halitoshi. Tazameni mahali mapato yalipogawanywa fungu kwa fungu.

Jambo la pili ni madeni. Katika mizania mtaona kampuni inamiliki nini na inadaiwa nini, na katika hesabu ya faida na khasara mtaona riba inayolipa. Hapa wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Majma'u ya Fiqhi ya Jeddah iliamua mwaka 1992 kwamba asili ni haramu kushiriki katika kampuni ambayo mara nyingine huamiliana kwa riba, ijapokuwa kazi yake kubwa ni halali. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain imeruhusu kwa masharti, miongoni mwayo: deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya hisa zote sokoni, pato la haramu lisizidi asilimia 5 ya mapato yote, na fungu la haramu litolewe lisiliwe.

Jambo la tatu ni fedha taslimu. Faida yaweza kuwa ya daftari tu: mali imeuzwa kwa mkopo, faida imeandikwa, na mdaiwa hajalipa. Basi tafuteni ukurasa wa mtiririko wa fedha, mwone kama biashara yenyewe huleta fedha, au kampuni inaishi kwa kukopa. Kisha pimeni bei. Hisa ikiuzwa shilingi 20, na faida ya kila hisa ni shilingi 1 kwa mwaka, mwanunua faida ya miaka 20. Je, mna yakini kampuni itadumu hivyo?

Jambo la nne ni neno la mkaguzi wa hesabu, na maelezo yaliyo nyuma kwa herufi ndogo. Mkaguzi akiandika kuwa ana shaka kama kampuni itaweza kuendelea, neno hilo moja lashinda picha zote.

Mfano wake tunao jirani. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianza kusaga miwa mwaka 1973, na mwaka 2001 hisa zake zikaingia soko la hisa la Nairobi. Aliyeitazama siku zile aliona sukari, kitu cha halali kinunuliwacho kila nyumba. Lakini mwaka 2012 kampuni ikafungua mtambo wa kutengeneza spiriti kutokana na molasi. Basi Mwislamu aliyeuliza mara moja tu, mwaka 2001, tayari alikuwa na suali jipya asilolijua. Na kwa upande wa hesabu, mwaka ulioishia Juni 2012 ilitangaza faida ya kiasi cha shilingi bilioni 2. Mwaka uliofuata ikatangaza khasara ipitayo bilioni 1.6, na khasara zikafuatana. Mwezi wa Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikiidai, ikaiweka chini ya meneja mrasimu, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Haya hayakuja usiku mmoja. Madeni na khasara zilikuwa zikichapishwa mwaka baada ya mwaka. Aliyefungua kitabu aliyaona.

Basi twawajibu mama zetu hivi. Msinunue kwa ripoti ya mwaka mmoja; takeni za miaka mitatu, mzilinganishe. Katika khitilafu ya wanazuoni, kwa kuwa fedha si za mtu mmoja, twachagua lililo salama zaidi: kampuni yenye deni la riba iacheni. Msikope ili kununua hisa. Karo ya muhula ujao isiguswe, kwani hisa hupanda na kushuka. Na mkinunua, uchunguzi urudiwe kila mwaka, na matokeo yasomwe mbele ya wanachama wote.

Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, katika aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Dini iliyotufundisha kuandika haiwezi kuturidhia tuache kusoma. Asiyejua kusoma hesabu na aulize ajuaye, wala asione haya. Haya ni kupoteza amana ya wenziwe kwa sababu ya picha nzuri.

Wallahu a'lam.