Nguvu za moyo wakati wa taabu

Tarehe 17 Januari 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo uliteketeza sehemu kubwa ya Goma, na watu wengi wakakimbilia Gisenyi, Rwanda. Baada ya siku chache walianza kurudi, na wengine wakajenga nyumba za mbao juu ya mawe yale yale ya volkano. Huzuni haikuwa imekwisha.

Basi ninyi viongozi, aliyepoteza shamba na nyumba msimwambie "jikaze" tu. Mwacheni alie, msikilizeni, kisha mwombeni kazi ndogo anayoiweza: kufundisha watoto kusoma, au kutunza pesa za likelemba. Hapo hujiona tena kuwa mtu kati ya watu. Asiyepata usingizi majuma mengi, msindikizeni kwenye kituo cha afya.