Makumbusho ya Watoto Sumbawanga: Lipieni Nauli Kabla ya Jengo

Ukitaja makumbusho, wengi huwaza jengo, vioo, mlinzi getini na tiketi. Mtoto wa Katandala ambaye mama yake anauza mboga sokoni, au wa Ntendo anayeishi kwa jembe la wazazi wake, hana nafasi katika picha hiyo. Nauli ya bajaji, siku ya kibarua inayopotea na aibu ya nguo vinamzuia kabla hajaufikia mlango. Mwongozo huu ni kwa kikundi cha wananchi, walimu, wafanyabiashara au wazawa wa Rukwa walioko mbali, wanaotaka kuanzisha au kusaidia chumba cha makumbusho kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo.

Hatua ya 1: Kaeni na wenye watoto

Msianze na orodha ya vifaa. Mwombeni mwenyekiti wa mtaa awaitie kikao cha wazazi, muwaulize swali moja: nini kingemzuia mtoto wako kuja? Yaandikeni majibu, kwa sababu hayo ndiyo bajeti yenu. Wazazi wawili au watatu wa kipato cha chini wawe wajumbe wa kamati wenye sauti, wasiishie kushona mapazia. Kisha mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa Manispaa kuhusu usajili wa kikundi, na Afisa Utamaduni ili ajue mnachokusanya.

Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza, ni mfano mzuri. Yalianza chini ya Padri David Clement, lakini Wasukuma wenyewe walihusika katika kukusanya na kueleza vitu vyao, na hadi leo ngoma za sikukuu ya Bulabo huwaleta watu Bujora. Makumbusho yasiyo na wenyewe hufungwa siku mfadhili anapoondoka.

Hatua ya 2: Azimeni chumba

Darasa lisilotumika, ukumbi wa parokia au stoo ya ofisi ya kata inatosha. Angalieni vitu vinne: mlango unaofungwa, mwanga wa dirisha, choo na maji ya kunawa. Andikishaneni na mwenye chumba, hata kama ni ndugu, mkitaja muda na nani analipia kitasa kikivunjika.

Hatua ya 3: Chagueni mambo matatu yanayoguswa

Mtoto hakumbuki kitu alichokatazwa kugusa. Meza tatu zenye vitu vya hapa hapa zinatosha kuanzia.

Meza ya kwanza ni chuma. Wafipa walikuwa mafundi wakubwa wa kuyeyusha chuma. Tanuru lao kubwa, ilungu, kwa wingi malungu, lilifika urefu wa mita tatu hivi na lilivuta hewa lenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, bila mtu kuvukuta. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuru dogo kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe. Mwombeni mfinyanzi ajenge ilungu la udongo wa kichuguu, urefu wa mtoto wa darasa la tatu, upande mmoja ukiwa wazi ili mirija ionekane. Moto usiwashwe. Pembeni wekeni mvukuto wa ngozi ya mbuzi na kipande cha karatasi mbele ya mdomo wake: mtoto akibonyeza, karatasi inaruka, naye ameshaelewa kazi ya hewa. Jumamosi moja mwiteni mhunzi wa sokoni aonyeshe jinsi springi ya gari inavyogeuka kisu, watoto wakiwa nyuma ya kamba. Mavi ya chuma ya kushika mkononi yatoke katika karakana yake, msiyaokote kwenye masalia ya malungu porini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda masalia ya kale, na kuchimba kunahitaji leseni.

Meza ya pili ni magogo ya Kalambo. Mwaka 2023, watafiti walioongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walitangaza kwamba magogo mawili yaliyochongwa yakapandanishwa, yaliyopatikana kando ya mto Kalambo upande wa Zambia, yana umri wa miaka 476,000 hivi. Umri huo ni mkubwa kuliko wa binadamu wa sasa, na mto wenyewe ndio mpaka wetu. Fundi seremala achonge magogo mawili mepesi, moja likiwa na pengo la kupokea jingine. Watoto wajaribu kuyapandanisha yasiteleze, kisha waulizwe: kwa nini mtu wa zamani alihitaji kitu hiki kando ya maji? Waacheni wabishane kabla ya kuwaeleza.

Meza ya tatu ni shamba na jiko: ulezi, aina za maharage, ungo, jiwe la kusagia, na boksi la udongo la kujengea ntumba, matuta ya duara ya Kifipa yanayofunika majani ili yaoze yawe mbolea. Bibi mmoja wa mtaani hapa anamshinda mtaalamu yeyote.

Hatua ya 4: Mlipeni mlezi wa chumba

Hapa ndipo miradi mingi hufia. Kijana wa kujitolea huja miezi miwili, kisha hutafuta riziki. Tafuteni mtu mmoja mwenye subira, anayejua Kiswahili na Kifipa, na mmpe posho isiyokatika. Awe na mtu mzima wa pili kila watoto wanapokuwepo. Mtoto asibaki na mtu mzima mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Awe pia na daftari la wageni, sanduku la huduma ya kwanza na namba ya mwalimu wa kila kundi.

Hatua ya 5: Ondoeni vizuizi vya mlangoni

Marekani, mpango wa Museums for All ulioanza 2014 huruhusu familia zinazopata msaada wa chakula kuingia kwa dola 3 au pungufu kwa kila mtu, wakionyesha kadi ya msaada huo. Kwetu, kumdai mzazi kitambulisho cha TASAF mbele ya majirani ni kumdhalilisha. Fanyeni rahisi zaidi: kila mtoto aingie bure, na mzazi mwenye uwezo atie chochote kwenye kisanduku.

Watoto waje kwa darasa, kupitia shule. Mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili atapata kipindi kilichokwisha kuandaliwa, nanyi mtalipia costa moja badala ya bodaboda arobaini. Epukeni Novemba hadi Aprili kwa shule za mbali, maana mvua huharibu barabara za vijijini. Mei, kisha Agosti hadi Oktoba, ni miezi mizuri. Shule isiyofikika ipelekewe magogo na mvukuto kwenye sanduku.

Hatua ya 6: Gaweni fedha kwa uwazi

Katika kila shilingi 10,000, anzeni na mgawo huu: 4,000 posho ya mlezi, 3,000 usafiri wa watoto, 2,000 ukarabati na sabuni, 1,000 akiba. Jengo lisiguse fedha hizi. Likija, lichangiwe peke yake. Akaunti iwe na watia saini watatu, na mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi. Mfadhili akitaka kuleta kompyuta, mwulizeni kwanza nani atalipa umeme na fundi.

Hatua ya 7: Pimeni kwa wanaorudi

Idadi ya waliohudhuria uzinduzi haisemi kitu. Hesabuni watoto waliorudi wenyewe, shule zilizoomba nafasi ya pili, na wazazi waliochangia kitu kutoka nyumbani. Meza isiyoguswa kwa muhula mzima ibadilishwe.

Ukiwa Sumbawanga, toa Jumamosi moja kwa mwezi. Ukiwa Dar es Salaam, Mbeya au ng'ambo, usisubiri kuitwa kwenye harambee ya jengo: tuma nauli ya darasa moja muhula huu.