Panya wa Nyoka: Jinsi ya Kununua, Kuhifadhi na Kuandaa

Malalamiko ya mfugaji mpya wa nyoka hayabadiliki: "Nyoka wangu amegoma kula." Mara nyingi nyoka hana kosa. Panya aliyepelekewa ni wa baridi, ni mkubwa kuliko anavyoweza kummeza, au amekaa kwenye friza hadi amekauka. Kazi yote ya mlo wa nyoka hufanyika kabla mlango wa kizimba haujafunguliwa, na anayeifanya vizuri humaliza zoezi lenyewe kwa dakika chache.

Makala haya ni ya wanaofuga kihalali, hasa ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya, ambako nyoka hufugwa majumbani kama paka. Huku kwetu hali ni tofauti. Kenya, kwa mfano, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuweka mnyamapori nyumbani bila kibali, na wengi wetu tunawajua nyoka wa kutunzwa kutoka Nairobi Snake Park, Bio-Ken ya Watamu au Meserani karibu na Arusha. Kabla ya yote, hakikisha sheria ya mahali ulipo inakuruhusu.

Nitatumia mifano ya nyoka wawili wanaofugwa sana. Wa kwanza ni chatu mdogo wa Afrika, Python regius, ambaye porini anapatikana kuanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wa pili ni nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, wa kusini-mashariki mwa Marekani. Nikisema "kipanya" nina maana ya yule mdogo wa gramu ishirini na kitu. Nikisema "panya" ni yule mkubwa, au wote wawili kwa ujumla pale ninapozungumzia mlo wa nyoka.

Mlishe aliyekufa, si aliye hai

Panya ana meno makali yasiyoacha kukua, na ndani ya kizimba hana pa kukimbilia. Akiachwa na nyoka asiye na njaa, huyo panya ndiye huanza kutafuna. Nyoka wengi wa kufugwa hawajitetei wala hawakimbii. Hulala wamejikunja huku wakiliwa. Madaktari wa wanyama watambaao hupokea nyoka ambao magamba ya mgongo yametafunwa hadi mfupa unaonekana, kwa sababu tu mfugaji aliweka panya hai jioni akaenda kulala.

Panya naye ana haki yake. Kumfungia chumba kimoja na anayemwinda ni mateso yasiyo na sababu, maana nyoka hashibi zaidi kwa kumla akiwa hai. Uingereza, sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inamlinda hata panya wa kulishia, na anayemtesa bila sababu anaweza kushtakiwa.

Wauzaji waangalifu huwaua panya kwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kisha huwagandisha haraka. Barafu huua chawa, utitiri na vimelea vingine kadhaa. Ila haiui bakteria wa salmonela, na hilo tutalirudia.

Panya uliyemnasa kwa mtego nyumbani au bustanini usimguse kwa ajili ya nyoka. Huenda amekula sumu, na sumu nyingi za panya hubaki kwenye ini lake. Nyoka humeza panya mzima, pamoja na ini na kila kilichomo.

Usibadilishe panya kwa vipande vya kuku au nyama ya ng'ombe pia. Nyoka hupata kalisi kutoka kwenye mifupa na vitamini A kutoka kwenye ini. Mnofu mtupu humjaza tumbo na kumwacha na upungufu.

Kununua: angalia hivi

Kuna njia tatu za kawaida: duka la wanyama, maonyesho ya wanyama watambaao, na wauzaji wa mtandaoni wanaotuma mzigo kwenye kasha la povu gumu jeupe pamoja na barafu kavu. Dukani utanunua mmoja mmoja kwa bei ya juu. Ukinunua kwa jumla bei hushuka sana, lakini uwe na friza ya kuwatosha. Nunua wa miezi michache tu.

Kabla ya kulipa, au mara tu mzigo unapofika, kagua mambo haya:

- Panya awe mgumu kama jiwe. Mzigo ukifika umelegea na una uvuguvugu, usiupokee.
- Pasiwe na vipande vya barafu na damu iliyoganda chini ya mfuko. Hiyo ni dalili kwamba waliyeyuka njiani wakagandishwa upya.
- Tumbo lisiwe la kijani wala jeusi, na manyoya yasiwe yamenatana.
- Panya awe na mwili wa kawaida. Aliyekonda, mwenye vidonda au kipara, hakutunzwa vizuri alipokuwa hai.
- Mfuko uwe umefungwa vizuri, ikiwezekana bila hewa ndani, na uwe na tarehe.

Muulize muuzaji panya wake wamezalishwa wapi na wamelishwa nini. Ulaya muulize pia kama wametibiwa kwa miale ya kuua bakteria. Anayejua kazi yake atakujibu bila kusitasita.

Ukubwa ndio unaowashinda wengi

Wauzaji wana majina yao. Pinki ni mchanga asiye na manyoya. Pinki wa kipanya ana gramu 1 hadi 3. Fazi ameanza kuota manyoya. Hopa amefumbua macho na anarukaruka. Kwa kipanya ni kama gramu 7 hadi 12. Kipanya mzima hufika gramu 20 hadi 30. Kwa upande wa panya, "mdogo" huwa gramu 50 hadi 80 na "wa kati" gramu 80 hadi 150. Kila muuzaji ana vipimo vyake, kwa hiyo nunua kwa gramu, usinunue kwa jina.

Kanuni ya haraka ni unene: panya asimzidi sana nyoka pale nyoka alipo mnene zaidi katikati ya mwili. Kanuni sahihi zaidi ni mizani. Mizani ya kawaida ya jikoni inatosha, mradi iwe ya nyoka peke yake na isirudi tena kwenye unga.

Nyoka anayekua hupewa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Chatu wa gramu 300, basi, anahitaji panya wa gramu 30 hadi 45 kila baada ya siku 7 hadi 10. Aliyekomaa hupunguziwa: chatu wa gramu 1,500 anatosheka na panya wa gramu 60 hadi 90 kila baada ya wiki mbili hadi nne. Nyoka wa mahindi aliyetoka kwenye yai huanza na pinki mmoja mdogo wa kipanya kila siku 5 hadi 7.

Usimhurumie nyoka kwa kumwongezea. Nyoka wa kufugwa hatembei mbali wala hahangaiki kutafuta, na mafuta humjaa tumboni na kwenye ini. Ukiona ngozi imeachana kati ya magamba wakati hajala karibuni, na karibu na mkia kuna minofu laini iliyojaa, punguza.

Jambo lingine kwa mwenye chatu: mwanzishe kwenye panya mapema, akiwa bado mtoto, kwa kumpa panya wachanga badala ya vipanya. Aliyezoea harufu ya vipanya anaweza kukataa panya kabisa atakapokuwa mkubwa, na kumlisha vipanya wanne au watano kila mlo ni gharama na usumbufu.

Kuhifadhi

Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Watumie ndani ya miezi sita hivi. Wakikaa sana hukauka, mafuta yao huharibika na vitamini hupungua. Andika tarehe na gramu kwenye kila mfuko, na wa zamani watoke kwanza.

Weka friza ndogo ya panya peke yao. Ni kinga kwa afya ya nyumba nzima, na kwa familia ya Kiislamu inaondoa pia suala la mzoga kukaa pamoja na chakula. Kama huna nafasi ya friza ya pili, basi watie kwenye sanduku gumu lenye mfuniko, uliloliandika waziwazi, na uliweke chini kabisa, kamwe si juu ya chakula.

Kuyeyusha na kupasha joto

Haraka haraka haina baraka, na hapa ndipo inapoonekana.

Kuyeyusha huanza usiku wa kuamkia siku ya kulisha. Mtoe panya, mtie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mfuko uweke ndani ya chombo chenye mfuniko, kisha chombo kikae kwenye friji. Pinki huhitaji saa chache tu. Panya wa kati huhitaji usiku mzima. Kama umesahau, zamisha mfuko kwenye maji baridi kwa saa moja hadi tatu. Usimwache juu ya meza kutwa nzima: nje atakuwa ameanza kuoza wakati ndani bado ni barafu.

Mpime kwa vidole ukiwa umevaa glavu. Bonyeza tumbo, halafu kichwa, halafu mapaja. Palipo na ugumu bado pana barafu, na nyoka akimeza barafu atatapika.

Akishalainika kabisa, mpashe joto akiwa bado ndani ya mfuko. Sasa tumia maji ya nyuzi 40 hivi, yale ambayo mkono unavumilia bila taabu. Acha mfuko humo dakika 15 hadi 30, ukiongeza maji ya moto yanapopoa. Lengo ni kichwa na kifua vifike nyuzi 37 hadi 38, joto la panya aliye hai. Kipimajoto kinachopima kwa mbali bila kugusa si ghali na kinaondoa kubahatisha.

Joto hilo lina maana kubwa. Chatu ana vishimo kwenye mdomo vinavyohisi joto, na gizani hulenga kwa kufuata joto hilo. Panya wa baridi kwake hana dalili ya uhai. Kama kichwa ndicho chenye joto zaidi, chatu hulenga kichwa, na akianzia kichwani miguu hulala vizuri anapommeza. Nyoka wa mahindi hana vishimo hivyo. Hutegemea zaidi ulimi na harufu, lakini naye huvutiwa na panya mwenye joto kwa sababu harufu yake husambaa vizuri zaidi.

Maji yanayochemka huivisha ngozi, na panya anaweza kupasuka nyoka anapombana. Maikrowevu ni mbaya zaidi: huivisha sehemu moja na kuacha nyingine na barafu. Isitumike hata mara moja.

Mwisho, mtoe kwenye mfuko na umkaushe kwa karatasi za jikoni. Manyoya yaliyolowa hupoa upesi na hunasa takataka za kizimbani.

Wakati wa kulisha

Subiri jioni, punguza taa na uondoe makelele. Hakikisha upande wa joto wa kizimba cha chatu uko nyuzi 31 hadi 33, maana bila joto hawezi kumeng'enya alichokula, na kitamuozea tumboni.

Shika panya kwa koleo refu kwenye nyonga, kichwa kikielekea mbele. Mpitishe mbele ya nyoka kutoka ubavuni, si kutoka juu, kwa sababu wanaomwinda nyoka humshukia kutoka juu. Mtikise kidogo. Nyoka atatoa ulimi mara nyingi, atakaza shingo, kisha atarusha kichwa. Akishika, achia koleo papo hapo, funga mlango na umwache.

Asipochukua, mweke panya mlangoni mwa maficho yake usiku mmoja. Asubuhi ukimkuta bado yupo, mtupe. Usimgandishe tena. Na nyoka aliyekula asishikwe kwa saa 48.

Akikataa, akitapika

Nyoka mwenye macho yaliyopata ukungu anakaribia kujivua gamba, subiri amalize. Chatu waliokomaa wanaweza kuacha kula kwa miezi, hasa majira ya baridi. Kinachosema ukweli ni mizani: mpime kila wiki, na akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, mpeleke kwa daktari.

Akitapika, usimlishe siku hiyo wala kesho yake. Kagua joto, kagua ukubwa wa panya, mpe maji safi na umpumzishe siku 10 hadi 14. Kisha anza na panya wa nusu ya ukubwa wa kawaida. Akirudia kutapika, muone daktari.

Linda watu wa nyumbani

Marekani na Uingereza zote zimepata milipuko ya salmonela iliyotokana na panya wa kulishia waliogandishwa. Februari 2022 Uingereza ilizuia panya hao kuingizwa kutoka Lithuania, baada ya mlipuko uliowagusa mamia ya watu tangu mwaka 2015. Wengine waliougua ni watoto ambao hawakuwahi kumgusa nyoka. Ilitosha jikoni kuchafuliwa.

Kwa hiyo vyombo vya panya viwe vya panya tu. Usivioshe kwenye sinki la vyombo vya chakula. Futa kila mahali panya alipopita kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20. Watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu ya mwili wasishiriki kazi hii kabisa.

Chatu akitunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30. Anayemchukua leo amejifunga kushika panya kwa miaka yote hiyo. Kwa hiyo, kabla hujanunua nyoka, nunua panya mmoja, muweke kwenye friza, myeyushe na umpashe joto kwa mikono yako. Kama kazi hiyo imekushinda, au wa nyumbani kwako hawaitaki, mwache nyoka dukani. Utakuwa umemtendea haki.